Jumapili Mbili za Eric Liddell: Uhakiki wa Tafakuri ya Mtazamaji Mkristo kuhusu Filamu ya Chariots of Fire

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa namna ambazo filamu pendwa hupokelewa na hadhira yake, ipo moja ambayo wahakiki huipita kwa haraka, pengine kwa kuiona kuwa ni ya kikanisa mno isiweze kuitwa uhakiki: tafakuri binafsi ya mtazamaji Mkristo. Mtazamaji huyu si mtaalamu wa sinema, wala si lazima awe mchungaji anayewinda kielelezo cha mahubiri ya Jumapili ijayo. Ni muumini wa kawaida anayeketi mbele ya filamu akiwa amebeba maisha yake ya wiki nzima, yakiwamo madeni, zamu za kazi, mgonjwa aliyelazwa na mtoto asiyesikia. Filamu inapokwisha, husema kile ilichomfunza. Muundo wa usemi wake unatambulika kirahisi. Huanza kwa kusimulia tukio moja la filamu, huliweka kando ya kifungu cha Biblia, kisha humalizia kwa maisha yake mwenyewe au ya wasikilizaji wake.

Muundo huo una asili ya heshima. Nabii Nathani alipomwendea mfalme Daudi, kama inavyosimuliwa katika kitabu cha 2 Samweli 12, hakuanza kwa kumshutumu. Alimpa hadithi ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake wa pekee. Daudi aliipokea kama hadhira yoyote inavyopokea hadithi nzuri. Alikasirika, akamhukumu mhusika muovu, akawa upande wa aliyeonewa. Ndipo hadithi ilipomgeukia. Masimulizi hayo yanabainisha hatua mbili za upokezi: ya kwanza msikilizaji anamhukumu mhusika, na ya pili hadithi inamhukumu msikilizaji. Makala haya yanashikilia kwamba tafakuri nyingi za mtazamaji Mkristo kuhusu filamu pendwa huishia katika hatua ya kwanza, na kwamba kinachomzuia kufika katika ya pili si wingi wa imani bali ni uchache wa utazamaji. Hatazami filamu yenyewe kwa makini ya kutosha, wala hatazami maisha halisi ambayo filamu imeyakata na kuyashona upya.

Mfano unaotumika ni Chariots of Fire, filamu ya Uingereza ya mwaka 1981 iliyoongozwa na Hugh Hudson, ikatayarishwa na David Puttnam na kuandikiwa mswada na Colin Welland. Filamu hii ilipata tuzo nne za Oscar, ikiwamo ya filamu bora, na muziki wake uliotungwa na Vangelis unajulikana hata kwa watu ambao hawajawahi kuiona. Imeteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni vigumu kuipata filamu pendwa nyingine ambayo Wakristo wameikumbatia kiasi hiki kama ushuhuda. Pili, inamhusu mtu aliyeishi kweli, hivyo inaruhusu kuyalinganisha yale ambayo mtazamaji anayaita "maisha halisi" na maisha yaliyokuwa halisi. Uchambuzi unaongozwa na mtazamo wa Wolfgang Iser katika nadharia ya mwitiko wa msomaji, hususani dhana yake ya mianya, yaani zile sehemu ambazo matini haisemi na ambazo mpokeaji hulazimika kuzijaza.

2.0 Jumapili ya Kwanza

Kiini cha filamu ni Michezo ya Olimpiki ya Paris ya mwaka 1924. Eric Liddell, Mskoti aliyezaliwa Tientsin, China, mwaka 1902 kwa wazazi wamisionari, anatarajiwa kukimbia mita 100. Anapopanda meli kuelekea Ufaransa anasikia kwamba mchujo wa mbio hizo umepangwa kufanyika Jumapili. Anakataa kukimbia. Anaitwa mbele ya wakubwa wa timu pamoja na mrithi wa kiti cha ufalme wa Uingereza, wanamshinikiza kwa jina la taifa na la mfalme, lakini hatetereki. Mwungwana mmoja kijana, Lord Lindsay, anaingia na kumpa nafasi yake katika mita 400. Jumapili inapofika, Liddell anasimama kanisani akisoma kutoka Isaya 40, huku picha zikipishana na za wanariadha wanaohangaika na kushindwa uwanjani. Siku ya mita 400 Mmarekani Jackson Scholz anamkabidhi kikaratasi chenye maneno ya 1 Samweli 2:30, kuhusu Mungu kuwaheshimu wanaomheshimu. Liddell anakimbia, kichwa kimerudi nyuma, kinywa wazi, na anashinda.

Kabla ya kuendelea inafaa kueleza jambo moja kuhusu lugha. Katika filamu, Jumapili huitwa Sabato, na mtazamaji wa Kiswahili anaweza kujikwaa hapo, kwa kuwa kwake neno hilo humpeleka moja kwa moja kwenye Jumamosi na kwa Waadventista, ambao ndio anaowaita Wasabato. Majina ya siku katika Kiswahili nayo hayamsaidii, maana yanahesabiwa kutoka Ijumaa: Jumamosi ni ya kwanza, Jumapili ni ya pili. Jumapili kwa Kiswahili haina utakatifu wowote katika jina lake. Waprotestanti wa Uskoti walioilea familia ya Liddell walikuwa wameihamishia Jumapili amri yote ya nne, pamoja na makatazo yake ya kazi, biashara na mchezo. Bila kulifahamu hilo, kukataa kwa Liddell kunaonekana kama ukaidi wa mtu mmoja, ilhali kulikuwa utii kwa desturi ya jamii nzima iliyomlea.

Mtazamaji Mkristo akishatazama matukio haya, tafakuri yake hujiandika yenyewe. Tukio ni kukataa, kifungu ni kile cha kikaratasi, na maisha ni ya msikilizaji anayehimizwa asimame imara dhidi ya mwajiri, mwalimu, ukoo au serikali, kwa kuwa anayemheshimu Mungu ataheshimiwa. Mashaka hayana nafasi. Ni tafakuri safi, inayoingia akilini kwa urahisi, na hapo ndipo mhakiki anapopaswa kushtuka.

3.0 Kilichokatwa

Ukilinganisha filamu na kumbukumbu za michezo hiyo, tofauti zinazojitokeza ni nyingi, na baadhi yake hazina uzito. Mbio za kuzunguka ua wa chuo huko Cambridge, kwa mfano, hazikukimbiwa na Harold Abrahams kama filamu inavyoonyesha, na ufuko unaodaiwa kuwa wa Kent ulipigwa picha St Andrews, Uskoti. Filamu si hati ya mahakama, na kumlaumu Welland kwa kubuni ni kumlaumu kwa kufanya kazi yake. Hata dada yake Liddell, anayesawiriwa akihofia kwamba riadha itamtenga kaka yake na utumishi, hakuwa mpinzani wa mbio zake katika maisha halisi. Mswada ulihitaji sauti ya kupinga nyumbani, nayo ikawekwa kinywani mwake.

Zipo tofauti nyingine, hata hivyo, ambazo tafakuri ya Kikristo imejengwa juu yake moja kwa moja, na hizo haziwezi kupuuzwa.

Ya kwanza ni wakati wa uamuzi. Liddell hakupata habari akiwa kwenye ngazi za meli. Ratiba ilijulikana miezi kadhaa kabla, na miezi hiyo aliitumia kujifunza mbio za mita 400, ambazo si mbio za mita 100 zilizorefushwa bali ni mchezo mwingine, wenye mgawanyo wake wa pumzi na mwendo. Lord Lindsay wa filamu alibuniwa kwa kumfuata Lord Burghley, mwanariadha wa kuruka viunzi ambaye hakukubali jina lake litumike, na hakuna aliyempa Liddell nafasi ya bure. Sinema inahitaji dakika moja ambamo mtu anajulikana. Imani iliyoishiwa, katika kisa hiki, ilikuwa ratiba ya mazoezi ya miezi mingi, isiyo na muziki. Mtazamaji anayeondoka na dakika ile moja anajifunza kungojea siku ya kishujaa itakayomjia kwa ghafla. Huenda isije. Muuguzi anayepangiwa zamu ya Jumapili hujua ratiba yake mwanzoni mwa mwezi, na jambo analolihitaji katika filamu hii ni ile miezi ambayo filamu imeifuta.

Ya pili inahusu thawabu. Katika filamu, Liddell anaacha mbio moja na kupewa nyingine, na hiyo nyingine inampa dhahabu. Hesabu inakamilika. Katika historia aliacha mbio tatu, si moja, kwa sababu fainali za kupokezana vijiti za 4 x 100 na 4 x 400 zilikimbiwa Jumapili ya tarehe 13 Julai. Uingereza ilipata fedha katika ya kwanza na shaba katika ya pili. Kwa hizo hapakuwa na Lord Lindsay wala kikaratasi, na hakuna kilichorudishwa. Filamu pia imeiacha nishani ya shaba aliyoipata Liddell katika mita 200, mbio ambazo Abrahams alimaliza wa mwisho katika fainali. Kwa mtayarishaji, shaba inaharibu umbo la hadithi, kwa kuwa shujaa hapaswi kuwa wa tatu siku mbili kabla ya kuwa wa kwanza.

Kikaratasi chenyewe kilikuwapo kweli, lakini hakikutoka kwa Scholz. Alipewa na mmoja wa wakandaji wa timu ya Uingereza. Tofauti hii inaweza kuonekana ndogo. Lakini katika filamu, neno la Mungu linatoka kwa mshindani, Mmarekani mwenye umaarufu, muda mfupi kabla ya mlio wa bastola, na hivyo linasikika kama utabiri. Lilipotoka kwa mtu anayekanda misuli ya wanariadha, lilikuwa neno la kumtia moyo mtu ambaye pengine angeshindwa. Tafakuri inayosimama juu ya kikaratasi cha filamu huwa fundisho la malipo: mheshimu Mungu, upate dhahabu. Ni vigumu kuitofautisha na injili ya mafanikio ambayo wengi wa watazamaji hao hao huikemea wanapoisikia ikihubiriwa kwa lugha ya magari na nyumba. Sekunde 47.6 ambazo Liddell alizitumia kumaliza mita 400 zilikuwa rekodi ya Olimpiki, na mtu aliyezikimbia anastahili kusifiwa kwa kuzikimbia. Hazithibitishi lolote kuhusu Jumapili. Horatio Fitch wa Marekani, aliyekuwa wa pili, hakushindwa kwa sababu ya dhambi.

Kwa msomaji wa Tanzania, inatosha kumkumbuka John Stephen Akhwari, aliyeanguka na kuumia goti katika marathoni ya Mexico mwaka 1968 na bado akaingia uwanjani wa mwisho, giza likiwa limeshaingia na washindi wakiwa wameshapewa nishani zao. Picha zake zilihifadhiwa katika filamu, na kisa chake kimesimuliwa katika mahubiri mengi. Hakuna anayeweza kukitumia kuahidi dhahabu.

Ya tatu ni maneno. Kauli ya Liddell inayorudiwa kuliko zote miongoni mwa Wakristo, ile anayomweleza dada yake kwamba Mungu alimuumba akiwa mwenye kasi na kwamba anapokimbia anaihisi furaha ya Mungu, ni ya Welland. Hotuba anayowatolea wafanyakazi katika mvua, akilinganisha imani na mbio, iliandikwa na mwigizaji Ian Charleson mwenyewe, baada ya kuisoma Biblia ili kujiandaa kwa nafasi hiyo. Hapa mhakiki hana haja ya kufichua kosa kwa furaha. Kauli hizo ni nzuri na zinafanya kazi. Linaloshangaza ni kwamba zinanukuliwa kama ushuhuda wa mtakatifu, wakati ni matunda ya usanii, kazi ya watu waliojaribu kufikiri namna imani inavyoweza kusikika kutoka ndani. Mtazamaji Mkristo angefaidika zaidi kama angelikubali hilo. Angelazimika kukiri kwamba sanaa isiyo ya kanisa imemsemea jambo ambalo kanisa lake lilikuwa halijampa maneno yake. Inafaa kuongeza kuwa sehemu ya fedha za filamu hii ilitoka Allied Stars, kampuni ya familia ya Mmisri Mohamed Al-Fayed, na mwanawe Dodi akatajwa kama mtayarishaji mkuu. Ushuhuda huu maarufu wa Kikristo, kwa hiyo, ulilipiwa kwa sehemu na familia ya Kiislamu.

4.0 Abrahams na Hukumu ya Haraka

Filamu ina mashujaa wawili, na tafakuri ya Kikristo humtumia wa pili kama kivuli cha wa kwanza. Abrahams anakimbia ili kujithibitisha. Liddell anakimbia akiwa tayari amekubaliwa. Mmoja anaishi kwa matendo, mwingine kwa neema. Mpangilio wa filamu unaipa nguvu tafsiri hiyo, kwa sababu umeziweka mbio za mita 200 alizoshindwa Abrahams kabla ya ushindi wake wa mita 100, ingawa katika michezo yenyewe mpangilio ulikuwa kinyume. Kwa hiyo anaonekana ameokoka kwa shida, na hata ushindi wake unamwacha akiwa mpweke.

Usomaji huu una ukweli kiasi, lakini unapita juu ya jambo ambalo filamu inalionyesha wazi. Abrahams ni Myahudi katika chuo ambacho wakuu wake wanamwona kuwa mgeni. Haja yake ya kujithibitisha haikuzuka ndani yake tu, bali amewekewa na watu wanaokaa katika viti vya mbele vya kanisa la chuo. Mtazamaji anayemfanya Abrahams kuwa mfano wa mtu asiyeijua neema, bila kuuliza ni nani aliyemnyima, anaurudia ule ule uamuzi ambao filamu inaulaumu. Kwa muumini wa dini ambayo historia yake kwa Wayahudi ni nzito kama ilivyo ya Ukristo, hilo si kosa dogo la tafsiri. Hapa Daudi amemhukumu mtu wa hadithi, na Nathani bado hajapewa nafasi ya kusema.

5.0 Jumapili ya Pili

Mwanya mkubwa kuliko yote uko mwishoni. Filamu inafunga kwa maandishi mafupi yanayoeleza kwamba Liddell alifia China iliyokuwa chini ya uvamizi, mwishoni mwa vita, na kwamba Uskoti ilimwombolezea. Kati ya dhahabu ya mwaka 1924 na kifo hicho kuna miaka zaidi ya 20 ambayo mtazamaji anaachiwa aijaze, naye huijaza kwa mtu yule yule aliyemwona akikataa: imara, asiyeyumba, mwenye kushika siku.

Liddell alirudi China mwaka 1925, akafundisha na kutumika huko. Mwaka 1941, hali ya hatari ilipozidi, mkewe Florence aliondoka na mabinti wao wawili kwenda Kanada. Binti wa tatu alizaliwa huko, na baba yake hakupata kumwona. Mwaka 1943 Wajapani walimpeleka, pamoja na raia wengine wa nchi za Magharibi, katika kambi ya Weihsien, mkoani Shandong. Humo walisongamana zaidi ya watu elfu moja, wakiwamo wanafunzi wa shule ya wamisionari ya Chefoo waliotenganishwa na wazazi wao. Liddell alifundisha sayansi, akabeba mizigo ya wazee, akasimamia michezo ya vijana. Jumapili, kwa kadiri ya imani yake, hapakuwa na michezo.

Masimulizi yaliyoachwa na watu waliokuwa vijana kambini humo yanaeleza kilichofuata. Vijana, waliochoshwa na siku ndefu isiyo na shughuli ndani ya kuta, waliamua kucheza mpira wa magongo siku ya Jumapili bila mwamuzi. Mchezo uliishia kwa kupigana. Jumapili iliyofuata Liddell alikuwa uwanjani, akiwa mwamuzi.

Tukio hili halimo katika filamu, na halingeweza kuwamo bila kuivunja. Mtu aliyemkatalia mrithi wa kiti cha ufalme anawakubalia watoto wanaogombana. Sheria ambayo hakuivunja kwa ajili ya dhahabu, wala kwa ajili ya Uingereza, wala kwa ajili ya jina lake, aliilegeza kwa ajili ya vijana waliokuwa mbali na mama zao. Ikumbukwe kwamba hakuna simulizi linalodai kuwa alibadili mafundisho yake kuhusu siku hiyo. Yeye mwenyewe, kwa kadiri inavyojulikana, aliendelea kuiheshimu. Alichokataa ni kuwaacha wengine waumizane ili usafi wake ubaki.

Kwa vigezo vya tafakuri iliyozoeleka, Jumapili ya pili ni udhaifu. Inawezekana kabisa kuihubiri hivyo: hata watakatifu hulegea wakichoka. Lakini mtazamaji aliyewahi kusoma kisa cha mwanamke aliyeponywa siku ya Sabato katika Luka 13 hawezi kufika hapo kwa urahisi, na akijaribu, atajikuta amekaa katika kiti cha mkuu wa sinagogi. Jumapili ya pili inaifafanua ya kwanza. Bila ya pili, kukataa kwa mwaka 1924 kunaweza kuwa ni kiburi kilichovaa mavazi ya utii, na mtazamaji hana namna ya kujua. Katika kambi ya Weihsien kukataa huko kunapimwa kwa mara ya kwanza, mahali ambapo hakuna umati, hakuna magazeti wala nishani.

Umuhimu wa hili unaonekana zaidi ukimsoma Langdon Gilkey, Mmarekani aliyekuwa mwalimu kijana kambini humo na baadaye akawa mwanatheolojia. Katika kitabu chake cha mwaka 1966, Shantung Compound, ambamo Liddell anatokea kwa jina lililobadilishwa, Gilkey anaonyesha jinsi watu wa dini waliokuwa wakali kwa mambo ya mwenendo walivyogombea nafasi ya kulala na chakula kama watu wengine wote. Vifurushi vya Msalaba Mwekundu wa Marekani vilipofika, baadhi ya Wamarekani walidai vyote viwe vyao, na mmisionari mmoja alitetea dai hilo kwa hoja ya kimaadili, kwamba mgawo wa lazima ungewanyima Wamarekani nafasi ya kutoa kwa hiari. Hoja hiyo ilitolewa mbele ya watu wenye njaa. Ni sura ya dini iliyo sahihi katika kila sentensi, na yenye kosa katika ujumla wake. Mtazamaji anayejifunza kutoka Chariots of Fire kwamba uaminifu ni kukataa, basi, anaweza kuhitimu vizuri na akawa mtu yule wa vifurushi.

6.0 Mtoto mwenye Mpira

Huenda ikapingwa kwamba uchambuzi huu unamdai mtazamaji wa kawaida kazi ya mwanahistoria. Pingamizi hilo lina haki kiasi. Si kila anayetazama filamu ana wajibu wa kusoma wasifu wa Liddell, na filamu ina haki ya kupokelewa kama filamu. Lakini jibu limo ndani ya filamu yenyewe, katika tukio ambalo tafakuri za Kikristo hulipita bila kulitazama.

Mapema katika hadithi, Liddell anatoka ibadani Uskoti na kukutana na mtoto anayecheza mpira. Anamwambia, kwa upole, kwamba Sabato si siku ya kuuchezea mpira. Mtazamaji mwenye tafakuri yake tayari huishia hapo, kwa kuwa tukio hilo linaandaa kukataa kwa Paris, naye ameshalipata alilolitafuta. Lakini filamu haiishii hapo. Baadaye nyumbani inajulikana kwamba Liddell amepatana na mtoto huyo wacheze pamoja kesho yake asubuhi na mapema, kwa sababu hataki akue akidhani Mungu ni mharibifu wa furaha.

Katika mazungumzo hayo mafupi ya nyumbani, Welland aliingiza karibu kila kitu ambacho Weihsien ingekuja kukidhihirisha. Liddell wa filamu tayari anajua kwamba katazo lililotamkwa kwa mtoto linamwachia aliyelitamka deni, na kwamba deni hilo hulipwa kwa kuamka alfajiri na kuvaa viatu. Hapa mwanya wa Iser si ukimya wa matini, kwani matini imesema. Ni mtazamaji ambaye hakusikia, kwa kuwa alikuwa ameshaanza kuandika somo lake.

Mtazamaji anayelisikia tukio hilo ana swali tofauti la kwenda nalo nyumbani. Mzazi aliyemzuia binti yake kwenda katika sherehe ya shule iliyopangwa siku ya ibada, na akaridhika kwamba amesimama imara kama Liddell, ataulizwa na filamu hiyo hiyo kuhusu Jumatatu asubuhi. Mzee wa kanisa aliyemwondoa kwaya kijana anayeuza dukani siku za Jumapili ataulizwa kama anajua ni nani anayelishwa na duka hilo. Maswali hayo hayana kifungu kimoja cha kuyamaliza, na tafakuri itakayoyabeba haitakuwa fupi wala safi kama ile ya kikaratasi.

Liddell alikufa tarehe 21 Februari 1945 kwa uvimbe wa ubongo, akiwa na miaka 43. Kambi ilikombolewa Agosti mwaka huo. Baadhi ya waliokuwa watoto humo waliishi hadi uzeeni, na walipoombwa kumsimulia, hawakuanza na Paris.